Kuongeza moto hakuivishi maharage upesi

Maharage yakishaanza kuchemka, wengi huongeza moto wakidhani yataiva haraka. Hapana. Dar es Salaam maji yanayochemka hubaki kwenye nyuzi 100 hivi za Selsiasi, moto uwe mdogo au mkali; nishati ya ziada huishia kugeuza maji kuwa mvuke. Faida yake ni mtungi wa gesi kuisha mapema na maharage ya chini kushika sufuria. Punguza moto mpaka viputo vinavyopanda viwe vichache tu, ufunike.

Kinachobadili kiwango hicho cha joto ni kanieneo, yaani msukumo wa hewa au mvuke juu ya maji. Mbeya, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, msukumo wa hewa ni mdogo na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo maharage huchelewa zaidi. Sufuria ya presha hubana mvuke, joto likafika karibu nyuzi 120.