Munchkin: anza na Munchkin 2, kisha funga pochi

Watu wakishaonja mchezo wa karata wa Munchkin mara mbili tatu, huja na swali moja: nyongeza ipi, yaani pakiti ya karata za kuongezea, ifuate? Jibu langu huwa fupi. Chukua Munchkin 2: Unnatural Axe, kisha funga pochi kwa muda. Sababu zake ndizo ndefu, na wengi hawazipendi, maana wameshaona dukani kuna ya tatu, ya nne, ya tano na kuendelea, na mkono unawawasha.

Kwa ambaye hajawahi kuukalia: Munchkin ulitoka mwaka 2001 kwa Steve Jackson Games, kampuni ya Austin, Texas. Mbunifu ni Steve Jackson, michoro ya kuchekesha ni ya John Kovalic. Ni mchezo wa karata wa kuvamia mapango yenye mazimwi, ila umeondolewa kila kitu kinachochosha: hakuna ramani, hakuna hadithi ya kufuatilia. Kuna marundo mawili, la Milango na la Hazina. Zamu yako ikifika unapiga teke mlango, yaani unafunua karata ya juu. Likitoka zimwi, unapigana. Ikitoka laana, imekupata. Ngazi yako ukijumlisha na nguvu za vifaa vyako lazima izidi ngazi ya zimwi. Sare ni kushindwa, isipokuwa kama wewe ni Mpiganaji, moja ya kazi anazoweza kupata mchezaji. Ukizidiwa, unaomba msaidizi mmoja na kupatana naye kwa mgawo wa hazina, au unakimbia kwa kurusha dadu, na bila 5 au 6 umekwisha. Wa kwanza kufika ngazi ya 10 ameshinda, lakini ile ya mwisho haipatikani ila kwa kuua zimwi.

Sasa, pakiti ya msingi ina karata 168. Munchkin 2, iliyotoka 2002, inaleta 112. Hapo tayari una 280 mezani, na bado mchezo unashikika mkononi. Karata zake nyingi ni zilezile za aina unazozijua: mazimwi zaidi, laana zaidi, silaha za ajabu zaidi. Kipya kinachobadilisha mchezo ni kimoja tu, Orki, jitu la hadithi za kubuni: ni asili mpya, yaani aina ya kiumbe ambacho mchezaji anaweza kuwa, ya kuongezea zile za mwanzo. Na huyu Orki ndiye anayeniuzia pakiti nzima.

Orki ana mambo mawili. La kwanza, akipigwa na laana anaweza kukataa na badala yake apoteze ngazi moja, mradi hayuko ngazi ya 1. La pili, akilishinda zimwi peke yake kwa tofauti inayozidi 10, anapanda ngazi moja ya ziada.

Yasome taratibu. Kuna laana ya Bata wa Maangamizi, inayokunyang'anya ngazi mbili. Orki anatoa moja, mambo yameisha. Lakini mrushie laana ya kumvua vazi la mwilini, na hapo utamwona anakuna kichwa: vazi au ngazi? Kama vazi ni dogo, anakubali laana. Kama ndilo linalomfanya avuke ile tofauti ya 10, anaumeza uchungu na kushuka ngazi. Mchezaji ambaye si Orki hana cha kufikiri. Laana imempata, anatupa karata, zamu inaendelea.

Hilo la pili lina utamu zaidi. Tuseme Orki yuko ngazi ya 5, vifaa vyake vinampa 7, jumla 12. Anapiga teke mlango, anakuta Mmea wa Chunguni, mojawapo ya mazimwi dhaifu kabisa, ngazi ya 1. Tofauti ni 11. Angepanda ngazi mbili kwa kukata ua. Aliye upande wa pili wa meza ana karata ya kulifanya zimwi kuwa Kongwe, yenye kuliongezea 10 na, likishindwa, hazina mbili za nyongeza. Kwa kawaida karata ile unaitunza umzuie mtu asishinde kabisa. Hapa ukiicheza mmea unakuwa 11, Orki bado anashinda kwa 12, ila ile ngazi ya ziada imepeperuka. Badala yake anaondoka na hazina tatu badala ya moja. Umemkata au umemlisha? Nimeona meza inagawanyika kabisa juu ya swali hilo, na mimi mwenyewe huwa natazama kwanza yuko ngazi gani: akiwa chini ya 6 namwachia ngazi zake, akiwa 7 au 8 nampa hizo hazina na roho yangu inatulia.

Kuna kasoro moja. Utamu wa Munchkin uko kwenye mapatano, ule mnada wa "nikusaidie, lakini naanza mimi kuchagua hazina". Orki akiita msaidizi anapoteza ziada yake, hivyo mwenye kuwa Orki hujitenga. Orki akitawala meza, kelele hupungua, na Munchkin bila kelele ni hesabu za kujumlisha tu.

Basi kwa nini nisiseme ununue zote? Munchkin 3: Clerical Errors inaleta asili ya Nomu, mbilikimo wa hadithi, na kazi ya Malenga. Ya nne, The Need for Steed, inaleta vipando na vibarua wa kukodi. Ya tano, De-Ranged, inaleta kazi ya Mgambo wa porini, anayeweza kulifuga zimwi likawa kipando chake. Kila moja ina karata 112, kila moja peke yake ni nzuri. Zichanganye zote na ya msingi na ya pili, unapata 616. Kwanza jaribu kuzichanga hizo. Kisha angalia kinachotokea mkononi. Vifaa vingi vizuri vina masharti: hiki ni cha Mchawi pekee, kile cha Mwizi. Kadiri kazi na asili zinavyoongezeka, ndivyo kifaa ulichookota kinavyozidi kukukataa. Unabaki na mzigo usiovalika, unauuza, maana vitu vya thamani ya dhahabu 1,000 vinakununulia ngazi. Watu wanapanda kwa kuuza wala si kwa kupigana.

Lakini ngazi ya 10 hainunuliki. Kwa hiyo wote mnarundikana kwenye 9 na mikono imejaa karata za kumharibia jirani, na kila anayejaribu zimwi la mwisho anaangushwa na meza nzima. Mchezo wa saa moja na ushee unakuwa wa usiku kucha. Katika karata zetu za kawaida unaweza kuhesabu turufu zilizokwisha kutoka ukajua kilichobaki. Kwenye rundo la 616 hakuna wa kuhesabu, ni kubahatisha.

Wakaidi wana njia yao: kampuni ilitoa bure kanuni za Epic Munchkin, za kucheza hadi ngazi ya 20. Kwa rundo kubwa zinafaa kuliko za kawaida. Wengine, chukueni ya msingi na ya pili, mkichoka na Orki mtoeni, mtieni Malenga au vipando. Nyongeza moja kwa meza moja.

Na jambo la mwisho kabla hamjagawa. Kitabu cha kanuni kinasema ubishi usiotatulika umalizwe kwa makelele, na mwenye mchezo ndiye mwenye kauli ya mwisho. Sasa kama pakiti ya msingi ni ya mmoja na nyongeza imeletwa na mwingine, elewaneni mapema mwenye mchezo ni nani.