Jina la nani, mchoro wa nani: staa wa muziki anavyojenga chapa ya raba

Kazi yangu ni kusoma mikataba kati ya wasanii na kampuni zinazotaka majina yao. Mameneja huniuliza: msanii wangu akitaka kutoa raba zake, aanzie wapi? Wengi wanatarajia nianze na idadi ya wafuasi mtandaoni. Mimi huanza na Yeezy, chapa ya raba ya rapa wa Marekani Kanye West. Hakuna mwanamuziki aliyefika mbali kama yeye kwenye raba, na hakuna mkataba uliovunjika hadharani kwa namna inayofundisha kama wake.

Kanye alianzia Nike. Air Yeezy ya kwanza ilitoka 2009, ya pili 2012, na watu walilala nje ya maduka wakizisubiri. Umaarufu ulikuwepo, kiatu kilikuwepo, wanunuzi walikuwepo. Kilichokosekana ni mrabaha, yaani asilimia ya kila jozi inayouzwa. Alilalamika waziwazi kwamba Nike ilimnyima kwa sababu yeye si mwanamichezo, wakati Michael Jordan alikuwa akilipwa mrabaha tangu mkataba wake wa 1984. Mwishoni mwa 2013 akahamia Adidas, ambao walikubali kumlipa hivyo. Kwangu mimi chapa ilizaliwa siku hiyo. Msanii anayelipwa mara moja amefanya tangazo tu, hata kama jina lake limeandikwa kisiginoni.

Sehemu ya pili watu huipita haraka, nayo ni kiatu chenyewe. Mwaka 2013 Adidas walikuwa wametoka kuzindua soli ya Boost, iliyobuniwa pamoja na kampuni ya kemikali ya BASF ya Ujerumani: punje ndogo za plastiki zilizofurishwa, zikashikanishwa kwa mvuke ndani ya kalibu. Ukikanyaga soli inabonyea, ukiinua mguu inakurudisha. Teknolojia hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya wakimbiaji. Kanye na wabunifu wa Adidas wakaiweka chini ya kiatu cha kuvaa mtaani chenye umbo ambalo halikuwahi kuonekana. Jozi ya kwanza mtu alinunua kwa ajili ya jina. Ya pili alinunua kwa sababu alishinda nayo kutwa bila miguu kuuma.

Yeezy Boost 750 ilitoka Februari 2015 kwa dola 350, kwanza jozi 9,000 tu, New York peke yake. Juni ikafuata Yeezy Boost 350 kwa dola 200, na mwaka huohuo jarida la Footwear News likaitangaza Yeezy Boost kiatu cha mwaka. Hapa nina la kuwaambia wanaodhani siri yote ni uhaba. Kiatu kikiadimika, faida ya uhaba haiendi kwa msanii wala kwa kiwanda. Inaenda kwa walanguzi wanaonunua asubuhi na kuuza jioni kwa bei maradufu. Mrabaha unakokotolewa kwenye bei ya kampuni, si ya mlanguzi. Uhaba ulifaa kuwasha moto tu. Yeezy ilianza kuingiza fedha nzito pale Adidas walipoongeza uzalishaji, hadi Septemba 2018 walipotoa 350 nyeupe kwa wingi ambao haukuwahi kuonekana kwenye chapa hiyo.

Rihanna alipita njia ya gharama ndogo zaidi, na naipenda kwa busara yake. Puma walimpa nafasi ya mkurugenzi wa ubunifu mwishoni mwa 2014. Hakuanza na kiatu kipya kabisa. Alichukua Puma Suede, raba ya miaka mingi ambayo kila mtu anaijua, akaiwekea soli nene. Creeper ilitoka 2015, ikaisha sokoni kwa saa chache, na mwaka uliofuata ikashinda tuzo hiyohiyo ya kiatu cha mwaka. Alikuwa mwanamke wa kwanza kuipata.

Suala la soli si dogo. Kalibu ya soli hutengenezwa kwa kila saizi, mguu wa kushoto na wa kulia, na hulipiwa kabla jozi moja haijauzwa. Diamond Platnumz alipotoa manukato na karanga, chupa au pakiti ileile ilimfaa kila mteja. Raba zinadai saizi kumi na zaidi kwa kila rangi, na saizi zisizotoka zinabaki ghalani zikila mtaji. Ndiyo maana wanamuziki wengi huenda kwa kampuni yenye viwanda tayari, na ndiyo maana kampuni hiyo huketi mezani ikiwa na nguvu.

Nguvu hiyo ilionekana tarehe 25 Oktoba 2022, Adidas walipovunja mkataba baada ya Kanye kutoa kauli za chuki dhidi ya Wayahudi. Jina Yeezy lilikuwa lake. Michoro ya viatu, Adidas walitamka, ilikuwa yao peke yao. Maghala yalijaa raba. Mwaka 2023 wakaanza kuziuza kwa mafungu, sehemu ya mapato ikatolewa kwa mashirika yanayopinga chuki, na mauzo ya mwaka huo yakafikia takriban euro milioni 750. Hata hivyo Adidas walifunga mwaka kwa hasara, ya kwanza baada ya zaidi ya miongo mitatu. Kanye naye alibaki na jina bila soli. Kiatu alichokuja kukiuza mwenyewe kwenye tovuti yake, kwa dola 20 mapema 2024, ni soksi yenye soli nyembamba.

Kwa hiyo nikipewa mkataba wa raba, naruka kurasa za mwanzo na kwenda kifungu cha kuvunjika: nani anauza mzigo uliobaki, kwa muda gani, na kalibu zinakwenda kwa nani. Kisha nauliza kuhusu usajili wa jina. Alama za biashara husajiliwa kwa madaraja ya bidhaa na huduma, na wasanii wengi wa kwetu wamesajili majina yao daraja la 41, la burudani. Viatu viko daraja la 25, na usajili wa kwanza hauvigusi. Usajili wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, unalinda Tanzania Bara tu. Zanzibar wana ofisi yao, Kenya wana KIPI, taasisi yao ya kusajili alama za biashara. Na kama kiatu kitatengenezwa China, jina lisajiliwe huko kabla mchoro haujatumwa kiwandani, kwa kuwa sheria yao humpa haki anayetangulia kuomba, hata kama hajawahi kuimba wala kushona chochote.