Mfupa ndani ya mji wa mimba: yanayosemwa na ukweli wake

Mwanamke amehangaika miaka kutafuta mtoto wa pili. Anapimwa altrasaundi, anaambiwa kuna mfupa ndani ya mji wa mimba. Hajafika hata nyumbani, maneno yameshaanza.

"Amerogwa." Hapana. Ni hali nadra, lakini madaktari wanaijua. Wala si saratani.

"Ni mabaki ya mimba aliyoitoa." Hii ndiyo inayoumiza kuliko zote. Ni kweli kwamba mimba iliyovuka miezi mitatu ikitoka, vipande vya mifupa vinaweza kubaki ndani. Lakini mimba huharibika yenyewe pia, na mfupa hauelezi ilitokaje. Tena si lazima uwe wa mtoto. Ukuta wa ndani wa kizazi ukisumbuliwa muda mrefu na maambukizi, au ukiumia wakati wa kusafishwa, seli za mama mwenyewe huweza kubadilika zikaanza kutengeneza mfupa. Vipande vya namna hiyo vimewahi kupimwa vinasaba, na kwa baadhi ya wanawake vilikuwa vinasaba vyao wenyewe. Hata wasiowahi kushika mimba wamekutwa nao. Mume au mama mkwe anayeishika ile picha kama ushahidi anamdhulumu mwanamke huyu.

"Huyo hazai tena." Mfupa huu hufanya kazi kama kitanzi cha uzazi wa mpango: huzuia mimba isijishike. Hata kwenye altrasaundi hung'aa kama kitanzi kilichosahaulika. Ukishatolewa, wengi hupata mimba, baadhi ndani ya miezi michache tu. Wapo pia ambao shida yao si kukosa mtoto bali hedhi nzito, maumivu, au vipande vidogo kutoka pamoja na damu.

"Mitishamba itauyeyusha." Hauyeyuki. Daktari hupitisha kamera nyembamba kwenye mlango wa kizazi, akautoa huku anauona, bila kupasua tumbo. Kukwangua bila kuona huweza kuacha vipande.

Kilichotolewa kipelekwe maabara, pamoja na historia kamili. Mtaalamu asiyeijua historia hiyo akikuta mfupa chini ya hadubini anaweza kuhofia uvimbe mbaya. Kwa hiyo mweleze daktari kila mimba iliyotoka na kila mara uliposafishwa. Ikiwa kuna usiyotaka familia isikie, omba mzungumze wawili tu. Ni haki yako.