Taka za viwandani huanza kabla ya pipa: dhana potofu na ukweli

Mazungumzo kuhusu taka za viwandani kwa kawaida huanzia langoni, pale lori la mzoaji linapotoka. Hapo tumeshachelewa. Watafiti wa eneo hili wamekuwa wakirudi nyuma hatua kwa hatua kwa miongo kadhaa: kutoka dampo hadi kwenye pipa, kutoka pipa hadi kwenye mashine, kutoka mashine hadi kwenye mchoro wa mhandisi. Dhana nyingi zinazosikika mpaka leo zimebaki palepale langoni.

Dhana: Gharama ya taka ni ile anayolipwa mzoaji

Hakuna dhana iliyoota mizizi kuliko hii, wala inayoviumiza viwanda zaidi. Tuseme kiwanda kimenunua kilo 100 za chuma. Kilo 60 zikatoka zikiwa bidhaa, 40 zikabaki vipande na mabaki ya kukereza. Katika vitabu vya kawaida vya hesabu, zile 40 huonekana kama mstari mmoja mdogo: gharama ya kuzitoa, au hata mapato kidogo zikiuzwa kama chakavu. Lakini kiwanda kilizinunua kwa bei ileile ya zile 60. Kilizisafirisha, kikazitunza ghalani, kikazipasha moto, kikazikata kwa umeme na kwa saa za mafundi. Kimelipa ili zitengenezwe, kisha kinalipa ili ziondoke.

Mbinu ya uhasibu inayolifichua jambo hili hufuata mtiririko wa malighafi badala ya kufuata idara. Ilikulia Ujerumani katika miaka ya 1990, Japani ikaichukua na kuieneza viwandani, na mwaka 2011 ikawa kiwango cha kimataifa, ISO 14051. Ndani yake taka huhesabiwa kama bidhaa: hubebeshwa sehemu yake ya malighafi, ya nishati na ya mishahara, kana kwamba ni kitu ambacho kiwanda kilikusudia kukitengeneza. Meneja aliyezoea kuona ule mstari mdogo hukutana na namba ya ukubwa mwingine kabisa, na kuanzia hapo swali hubadilika. Haulizi tena nani atazoa kwa bei nafuu. Anauliza kwa nini kilo 40 zilikatwa.

Tena si jambo la kiwanda kimoja kimoja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Julian Allwood akiwa miongoni mwao, walifuatilia safari ya metali duniani kote wakakuta kwamba takriban robo ya chuma kinachoyeyushwa, na asilimia 40 hivi ya alumini, haifiki kamwe kwenye bidhaa. Hukatwa na kutobolewa njiani, kisha hurudi tanurini. Kwa macho ya takwimu za urejelezaji, metali hiyo imerejelezwa na hakuna kilichopotea. Kwa macho ya nishati, imeyeyushwa mara mbili kabla haijamfikia mtumiaji hata mara moja.

Dhana: Kupunguza taka kunahitaji mitambo mipya ya bei kubwa

Wakati mwingine ni kweli. Mara nyingi, hata hivyo, kinachotakiwa ni kubadili mpangilio. Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka kwenye viwanda vinavyopaka vyuma nikeli au kromi kwa umeme. Kila kipande kinachotolewa kwenye dawa hutoka na utando wa dawa hiyo, na lazima kisuuzwe. Chukulia kwamba ukali wa dawa unatakiwa upungue mara 1,000. Ukitumia tangi moja lenye maji yanayopita, kila lita ya dawa inayobebwa na vipande itadai lita 1,000 za maji. Sasa weka matangi mawili, maji safi yaingie tangi la mwisho na kurudi kuelekea la kwanza, kinyume na njia ya vipande: zinatosha lita 32 hivi. Kwa matangi matatu, lita 10. Usafi ni uleule. Na kwa kuwa maji machafu yamekuwa machache na yamekolea, kuirudisha nikeli iliyomo kunawezekana, kazi ambayo isingelipa katika maji yaliyozimuliwa kupita kiasi. Hapa hakuna uvumbuzi mgumu: ni tangi la ziada, bomba, na hesabu ya vipeuo.

Hewa ya kompresa, yaani hewa iliyoshindiliwa ili kuendesha vifaa, ni mfano mwingine. Ni moja ya njia ghali zaidi za kutumia umeme kiwandani, kwa sababu sehemu kubwa ya umeme huo huishia kuwa joto, na katika karakana isiyotunzwa, viungio vilivyolegea huweza kuvujisha asilimia 20 hadi 30 ya hewa yote. Mengi ya mavujo hayo huzibwa na fundi mwenye maji ya sabuni na spana, wakati uzalishaji umesimama na mlio unasikika. Kampuni ya 3M ya Marekani ilipoanzisha mwaka 1975 mpango wake wa kuzuia uchafuzi kwenye chanzo, iliwategemea wafanyakazi wenyewe kuleta mapendekezo. Naona ilikuwa sahihi: anayesimama karibu na mashine kila siku ndiye anayejua inamwaga wapi.

Dhana: Kitu kikirejelezwa, hurudi kama kilivyokuwa

Inategemea ni kitu gani, na hapa ndipo maneno ya jumla yanapopotosha. Alumini chakavu huyeyushwa kwa takriban asilimia 5 tu ya nishati inayohitajika kuizalisha kutoka kwenye madini ya bokseti. Ni miongoni mwa habari njema kabisa katika somo hili zima. Nyuzi za karatasi, kwa upande wake, hufupika kila mzunguko, na baada ya mizunguko mitano hadi saba hazishikamani tena. Kuhusu plastiki, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kuwa kati ya tani bilioni 6.3 za taka za plastiki zilizokuwa zimezalishwa duniani hadi 2015, asilimia 9 tu ndiyo iliyorejelezwa.

Chuma kinasifiwa, na kwa haki, lakini kina adui mdogo: shaba. Gari likisagwa pamoja na nyaya na mota zake, shaba huingia kwenye chakavu. Ikishayeyuka na chuma, viwanda havina njia ya kawaida ya kuitoa, na chuma chenye shaba nyingi hupasuka uso kikifinyangwa kingali moto. Ndiyo sababu chakavu kingi huishia kuwa nondo, zinazovumilia uchafu huo, badala ya bati laini la bodi za magari. Utafiti wa sasa unapigania kutenganisha kabla ya tanuri, kwa kamera, miali ya eksirei na leza zinazotambua kipande kimoja kimoja kikiwa kwenye mkanda.

Kwenye metali za vifaa vya elektroniki hali ni mbaya zaidi. Jopo la Umoja wa Mataifa la rasilimali lilichunguza metali 60 mwaka 2011. Pungufu ya theluthi moja zilikuwa zikirejelezwa kwa zaidi ya asilimia 50 baada ya bidhaa kuchoka, na 34 zilikuwa chini ya asilimia 1. Metali hizo hutumika kwa kipimo kidogo sana, zikiwa zimechanganyika na nyingine nyingi ndani ya kipande kidogo. Urahisi wa kuzirudisha huamuliwa siku bidhaa inapobuniwa: imeunganishwa kwa skrubu, au kwa gundi?

Dhana: Plastiki ya kuoza itaoza popote

Hapana. PLA, inayotengenezwa kutokana na sukari ya mimea kama mahindi, huhitaji joto la nyuzi 60 hivi za Selsiasi, unyevu na vijidudu, hali inayopatikana kwenye mitambo ya mboji ya viwandani. Baharini hukaa miaka. Ikichanganyika na chupa za kawaida, huharibu urejelezaji wa chupa hizo.

Dhana: Kiwanda kisichopeleka kitu dampo hakina taka

Huenda kinazichoma. Mbunge wa Uholanzi Ad Lansink alipendekeza mwaka 1979 ngazi ya vipaumbele: kuzuia kwanza, kisha kutumia tena, kurejeleza, kuchoma, na dampo mwisho. Umoja wa Ulaya uliweka mpangilio wa aina hiyo katika sheria yake ya taka ya 2008. Tangazo la kukwepa dampo linataja ngazi ya chini kabisa tu. Halisemi kitu kuhusu ya juu.

Dhana: Taka za kiwanda kimoja zikiwa malighafi ya kingine, tatizo limekwisha

Mji wa Kalundborg, Denmark, hutajwa kila mara kama mfano, na wengi hudhani ulipangwa hivyo mezani. Haukupangwa. Mwaka 1961 kiwanda cha kusafisha mafuta kilihitaji maji, likajengwa bomba kutoka ziwa Tissø. Mwaka 1972 kiwanda cha mbao za jasi kikaanza kutumia gesi ya ziada ya kiwanda hicho cha mafuta. Mvuke, majivu na tope lenye rutuba vikafuata, mkataba mmoja baada ya mwingine, kila upande ukitafuta nafuu yake. Waliofanya kazi hiyo walikuwa majirani wanaofahamiana na kuaminiana, na sehemu hiyo ni ngumu kuinakili kuliko bomba.

Kuna hatari pia ya kuitegemea taka. Saruji kwa miaka mingi imetumia majivu ya makaa ya mawe na mavi ya chuma (mabaki ya kuyeyusha chuma) kupunguza klinka, yale mawe yaliyochomwa tanurini yanayosagwa kuwa saruji. Mitambo ya makaa inapofungwa Ulaya, majivu hayo yanaadimika, na watafiti wanageukia udongo wa mfinyanzi uliochomwa.

Dhana: Ufanisi ukipanda, matumizi hushuka

Mchumi Mwingereza William Stanley Jevons aliona kinyume chake mwaka 1865: injini za mvuke zilipoboreshwa Uingereza, makaa yaliyochomwa yaliongezeka, kwa kuwa kazi ya injini ilikuwa ya bei nafuu zaidi na watu wakaitumia zaidi. Si kila uboreshaji huishia hivyo. Mara nyingi sehemu tu ya akiba ndiyo humezwa. Hata hivyo, ripoti inayosema taka zimepungua kwa kila tani ya bidhaa haijasema kama taka zimepungua. Kiwanda kinachopunguza taka za kila tani kwa robo huku kikizidisha uzalishaji mara mbili kinatoa taka nusu zaidi ya zile za mwanzo.