Je, wajua kwa nini mji unaokua haraka hufuata bomba la majitaka?

Mtu aliyehama mji wa wakazi laki tano, kisha akarudi baada ya miaka 10, mara nyingi hulazimika kuuliza njia. Palipokuwa na malisho pamesimama maghorofa ya kupangisha, njia ya vumbi imekuwa barabara ya lami yenye foleni asubuhi na jioni, na kijiji kilichokuwa na maduka mawili sasa ni kitongoji chenye shule tatu. Wenyeji wakiulizwa husema mji umekua ghafla, na kwa macho ni kweli. Hata hivyo, maswali mawili hubaki bila jibu: kwa nini ukuaji huo uukumbe mji huu na kuuacha ule wa jirani wenye ukubwa uleule, na kwa nini ndani ya mji huohuo nyumba zijae upande mmoja huku upande wa pili, pengine ulio karibu zaidi na katikati, ukibaki mashamba?

Tukitaja miji inayokua tumezoea kufikiria majiji makuu kama Tokyo au Lagos, lakini wakazi wengi wa mijini hawaishi huko. Kwa takwimu za Umoja wa Mataifa za mwaka 2018, karibu nusu ya watu wote wanaoishi mijini wako katika miji yenye wakazi chini ya 500,000, na ni mtu mmoja tu kati ya wanane anayeishi katika majiji 33 yenye watu zaidi ya milioni 10. Baadhi ya miji inayokua kwa kasi kubwa kuliko yote duniani haijafikisha hata watu milioni 1.

Sehemu ya hisia ya kwamba ukuaji ni wa ghafla hutokana na hesabu za kawaida. Mji unaoongezeka kwa asilimia 3 kila mwaka huwa mara mbili ya ukubwa wake baada ya miaka 23 hivi, na anayetaka njia ya mkato anaweza kugawanya 70 kwa kiwango cha ongezeko. Ukiwa na watu 100,000, asilimia hizo 3 ni wageni 3,000 kwa mwaka, ambao hupata vyumba hapa na pale bila mtu kushtuka. Ukifikisha milioni 1, kiwango kilekile huleta watu 30,000, na tukikadiria watu wawili na nusu kwa kila kaya, kama ulivyo wastani wa Marekani, hizo ni kaya 12,000, yaani nyumba 33 zinazotakiwa kila siku, Jumapili zikiwemo. Kasi haikubadilika hata kidogo; kilichoongezeka ni idadi inayozidishwa.

Mji wa wastani una faida moja ambayo jiji kuu limekwisha kuipoteza, nayo ni ardhi iliyo karibu. Mwanafizikia wa Italia Cesare Marchetti, katika makala yake ya mwaka 1994 iliyojengwa juu ya hesabu za mhandisi Yacov Zahavi, alionyesha kwamba watu wa zama na mahali mbalimbali hutumia wastani wa saa moja hivi kwa siku kusafiri, yaani nusu saa ya kwenda na nusu saa ya kurudi. Kwa gari linalokwenda kilomita 40 kwa saa, nusu saa ni kilomita 20, na duara linalochorwa kwa umbali huo kutoka katikati ya mji lina zaidi ya kilomita za mraba 1,250. Katika jiji kuu duara hilo lilijaa zamani, kwa hiyo anayetafuta nyumba ya bei nafuu husukumwa mbali na kulipa tofauti hiyo kwa saa zake za usingizi. Katika mji wa wastani, ndani ya duara lilelile bado kuna misitu na mashamba.

Ardhi peke yake haimvuti mtu, kwa kuwa iko miji yenye ardhi tele inayopungukiwa watu kila mwaka. Kinachovuta ni ajira, na hasa ajira ambazo bidhaa au huduma zake huuzwa nje ya mji, kwa kuwa hizo ndizo huleta fedha ambazo kinyozi, mwalimu, fundi na mwenye mgahawa watalipwa. Mwanauchumi Enrico Moretti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alikadiria kwamba nchini Marekani kila ajira moja ya teknolojia ya juu huzaa baada ya muda ajira nyingine tano katika mji huohuo. Mwenzake wa Sweden, Gunnar Myrdal, alikuwa amekwisha kueleza mwaka 1957 jinsi mambo haya yanavyozungukana: kampuni huvuta wafanyakazi, wafanyakazi huvuta maduka na shule, na mahali penye wafanyakazi, maduka na shule huvuta kampuni nyingine. Mji uliotangulia hatua moja huendelea kutangulia, na hii ndiyo sababu miji miwili iliyokuwa sawa huweza kuachana kabisa ndani ya kizazi kimoja.

Mfano unaoonekana vizuri ni Raleigh, makao makuu ya jimbo la North Carolina nchini Marekani. Katika miaka ya 1950 jimbo hilo lilitegemea tumbaku, nguo na samani, mishahara ilikuwa midogo, na vijana waliohitimu katika vyuo vikuu vyake waliondoka kwenda kutafuta kazi kwingine. Viongozi wa serikali, wafanyabiashara na vyuo vikuu vitatu vya eneo hilo wakaamua kununua msitu wa misonobari uliokuwa katikati ya vyuo hivyo na kuutenga kwa ajili ya maabara na taasisi za utafiti, na mwaka 1959 Research Triangle Park ikaanzishwa. Kwa miaka kadhaa mambo yalikwenda polepole, na msitu ukabaki msitu kwa sehemu kubwa, hadi mwaka 1965 kampuni ya kompyuta ya IBM ilipotangaza kwamba ingejenga hapo. Raleigh, iliyokuwa na watu karibu 66,000 mwaka 1950, ilihesabiwa kuwa na zaidi ya 467,000 mwaka 2020. Cary, mji mdogo ulio kati ya Raleigh na eneo hilo la utafiti, haukufikisha watu 4,000 mwaka 1960. Mwaka 2020 ulikuwa na zaidi ya 174,000. Anayesema Cary ilikua ghafla anasahau uamuzi uliofanywa msituni miongo kadhaa kabla.

Hapo ndipo swali la pili linapoingia, la kwa nini nyumba zijae upande mmoja wa mji, na kwa maoni yangu ndilo tamu zaidi, ingawa jibu lake linapita chini ya ardhi mahali ambapo wachache hupenda kuangalia. Maji safi husukumwa kwa pampu ndani ya bomba lililojaa, na kwa hiyo yanaweza kupanda kilima. Majitaka kwa kawaida husafiri kwa mteremko tu. Bomba la kipenyo cha milimita 200, ambalo kwa viwango vya Marekani ndilo dogo kuliko yote yanayolazwa chini ya mtaa, hutakiwa kuteremka angalau sentimita 40 kwa kila mita 100, ili maji yakimbie kwa kasi ya mita 0.6 hivi kwa sekunde na kukokota uchafu usituame njiani. Sentimita 40 zinaonekana chache, lakini katika kilomita moja bomba limeshuka mita 4, na mahali penye ardhi tambarare mtaro ulioanza na kina cha mita 2 umekwisha kufika mita 6, ambapo kuchimba kunahitaji kuta za kuzuia udongo usiwaporomokee mafundi. Kutoka hapo njia iliyobaki ni kujenga kituo cha kuyapandisha majitaka kwa pampu, kituo kitakachodai umeme, jenereta ya akiba na mtu wa kuamshwa usiku wa manane pampu inapokwama.

Ili kukwepa gharama hizo, wahandisi hulaza bomba kuu kando ya kijito, mahali pa chini kabisa pa bonde, kisha mabomba madogo ya mitaa huteremka kulifuata kama vijito vinavyofuata mto. Matokeo yake ni kwamba bomba kuu likishafika, bonde zima lililo juu yake linaweza kujengwa, ilhali bonde la ng'ambo ya kilima, ambalo maji yake huelekea kwingine, hubaki kama lilivyokuwa hata likiwa karibu zaidi na katikati ya mji. Asiye na bomba hulazimika kuwa na karo lake uani, yaani shimo la majitaka, pamoja na eneo la udongo wa kunyonya maji, na hilo hutaka kiwanja kikubwa kwa kila nyumba. Mwenye bomba anaweza kupanga nyumba kadhaa katika kiwanja hichohicho, au kujenga ghorofa. Mkulima anayelima upande wenye bomba huanza kutembelewa na madalali kabla hajajua kilichobadilika, wakati jirani yake wa ng'ambo ya kilima anaendelea kuuza mahindi.

Ukitembea pembezoni mwa mji wa aina hii, utakuta vifuniko vya chuma vya chemba vimechomoza katikati ya majani, kila baada ya mita 100 hivi, na hapajajengwa nyumba hata moja. Majitaka hutangulia kwa sababu bomba lake hukaa chini kuliko mengine. Baada yake huja mabomba ya maji ya mvua, ya maji safi, nyaya, kokoto za barabara na lami, na nyumba ndizo za mwisho. Mpita njia huanza kuuona mji siku kuta zinapopanda, wakati kazi ngumu ilikwisha kufukiwa.

Kuchelewa huku kati ya uamuzi na nyumba kunaeleza pia kwa nini kodi za pango hupanda kwa kishindo katika miji inayokua. Mtu huhamia mji kwa siku moja akiwa na masanduku yake, lakini nyumba atakayoihitaji hupitia upimaji, vibali, mikopo na ujenzi, na safari hiyo huchukua miaka. Austin, katika jimbo la Texas, ilikuwa na watu 790,390 mwaka 2010 na 961,855 mwaka 2020. Pango lilipaa mwaka 2021, watu wakalalamika kwamba waendelezaji wanauharibu mji, na kodi zikaanza kushuka baada ya mwaka 2022 wakati vyumba vingi vilivyoanza kujengwa katika miaka ya bei kali vilipofunguliwa kwa pamoja. Mwezi Novemba 2023 halmashauri yake iliondoa pia sharti lililolazimisha majengo mapya kutenga idadi maalumu ya maegesho ya magari, sharti ambalo katika miji mingi ya Marekani huligharimu jengo nafasi na fedha hata pale ambapo magari hayajai. Kreni zilizochukiwa sana ndizo zilizopunguza kodi, jambo ambalo si rahisi kumweleza mtu anayeamshwa na kelele zake.

Barabara zina kisa chao, nacho ni kifupi. Wanauchumi Gilles Duranton na Matthew Turner walichunguza miji ya Marekani na kuonyesha mwaka 2011 kwamba kilomita za njia zikiongezwa, kilomita zinazosafiriwa na magari huongezeka kwa karibu kiwango hichohicho, hivyo foleni hurudi.

Kuna gharama moja ambayo huchelewa zaidi ya zote. Mara nyingi mwendelezaji hulaza mabomba ya ndani ya mradi kwa fedha zake, kisha huyakabidhi kwa mji, na kwa miongo ya mwanzo mji hupokea kodi ya majengo kutoka nyumba mpya huku mabomba yakiwa bado mazima. Mabomba yaliyolazwa katika muongo mmoja huzeeka karibu wakati mmoja, na bili ya kuyabadilisha huwafikia madiwani ambao hawakuwapo wakati yakilazwa. Nimeona tepe nyingi zikikatwa kuzindua mitaa mipya. Ya kuzindua bomba lililobadilishwa bado sijaiona.

Kwa kuwa bomba ndilo hufungua ardhi, mji unaotaka kuamua ukue wapi huanza kwa kuamua mabomba yasifike wapi. Jiji la Portland katika jimbo la Oregon lilichorewa mpaka wa ukuaji mwishoni mwa miaka ya 1970, na nje ya mpaka huo mfumo wa majitaka wa mji kwa kawaida hauruhusiwi kupelekwa. Raleigh nayo hutegemea bwawa la Falls Lake, lililokamilika mwaka 1981 kwenye Mto Neuse, kama chanzo chake kikuu cha maji, na bila bwawa hilo maelfu ya nyumba zilizofuata zisingekuwa na cha kunywa. Lakini mwaka 1989 jimbo lilipitisha sheria ya kulinda vyanzo vya maji, inayowekea kikomo msongamano wa majengo katika ardhi ambayo mvua yake hutiririkia kwenye mabwawa ya namna hiyo. Kwa hiyo bwawa lililouwezesha mji kukua ndilo linaloufunga kwa upande wake wa kaskazini, ambako nyumba hukaa mbalimbali chini ya misonobari, kila moja na karo lake.