Msimbo mfupi wa asembli: ufupi upi una faida?

Katika lugha ya asembli, amri moja unayoandika kwa kawaida hugeuka amri moja ya prosesa. Ndiyo maana wengi huamini kwamba msimbo mzuri ni ule mfupi, na kwamba anayetaka usomeke vizuri atalipa kwa ukubwa au kwa kasi. Imani hiyo inachanganya mambo mawili: ufupi wa matini aliyoandika mtu, na ufupi wa baiti zinazobaki asembla, yaani programu inayogeuza matini hayo kuwa baiti za prosesa, ikishamaliza kazi.

Ufupi wa matini hauisaidii prosesa hata kidogo. Asembla hutupa maelezo yote, yaani maneno yaliyoandikwa kwa ajili ya msomaji, na majina huyageuza kuwa namba. Kwenye x86, familia ya prosesa za kompyuta nyingi za PC, `mov ecx, UREFU_WA_SAFU` na `mov ecx, 64` hutoa baiti tano zile zile, ikiwa jina hilo limewekwa kuwa 64. Lebo, yaani jina la mahali ndani ya msimbo, ukiiita `L3` au `rudia_kusoma`, mruko ni ule ule. Hata majina yakiachwa ndani ya faili kwa ajili ya kusaka hitilafu, prosesa haiyasomi. Anayebania majina na maelezo hapa hapati chochote, ila anamtesa atakayefuata.

Ufupi wa baiti ni jambo jingine, nao una bei yake. Kuweka sifuri kwenye rejista, yaani nafasi ndogo ya kutunzia namba ndani ya prosesa, kwa `mov eax, 0` huchukua baiti tano. `Xor eax, eax` huchukua mbili tu. Mgeni atajiuliza kwa nini rejista inafanyiwa xor na nafsi yake (biti zinazofanana hutoa sifuri), lakini mazoea yamekwisha kuifanya amri hiyo isomeke, na prosesa za kisasa zenyewe huitambua kuwa ni ya kuweka sifuri. Hatari yake iko kwingine. `xor` hubadilisha bendera, yaani biti zinazotunza hali ya matokeo ya hesabu iliyopita, na `mov` haizigusi. Ukiiweka `xor eax, eax` kati ya `cmp` (linganisha) na `je` (ruka kama ni sawa), jibu la ulinganisho linafutika na `je` itaruka kila mara. Kwa hiyo `mov` iliyo ndefu huenda iliwekwa pale makusudi, na bila maelezo mtu atakuja “kuifupisha” na kuharibu programu nzima.

Zipo sehemu ambako baiti huhesabiwa kweli. Sekta ya kuwashia kompyuta za PC kwa mtindo wa zamani ina baiti 512. Mbili za mwisho ni alama 55 AA, na jedwali la sehemu za diski linakula 64. Zinabaki 446 za msimbo. Atari 2600, mashine ya michezo ya video ya mwaka 1977, ilikuwa na RAM ya baiti 128, na ilisoma KB 4 tu za katriji kwa wakati mmoja.

Katika mazingira hayo ndipo ilipozoeleka mbinu hii ya prosesa za familia ya 6502, kama ile ya Atari hiyo (`LDX #1` huweka 1 kwenye rejista X):

```
moja:  LDX #1
       .byte $2C
mbili: LDX #2
endelea:
```

Ukiingia kwa `moja`, X inapata 1. Kisha prosesa inakutana na $2C, ambayo ni amri ya BIT inayohitaji anwani ya baiti mbili. Inachukua A2 na 02, ambazo ndizo `LDX #2` yenyewe, ikidhani ni anwani. Amri hiyo imemezwa, na X inabaki 1. Ukiingia kwa `mbili`, X inapata 2. Baiti moja imefanya kazi ya JMP, amri ya kuruka, ya baiti tatu.

Mbinu hii naipenda, lakini bila maelezo ni mtego. Atakayechomeka amri ya baiti moja baada ya $2C atakuta prosesa inaanza kusoma katikati ya `LDX #2`. Kuandika “weka 2 kwenye X” hakumsaidii, kwa kuwa hilo analiona. Anachohitaji ni sababu: “$2C inameza amri inayofuata, usichomeke kitu hapa. BIT inasoma anwani $02A2 na kubadilisha bendera.” Maelezo hayo hayaongezi hata baiti moja kwenye katriji.