Je, barabara yenye kona nyingi Russian Hill ndiyo kali zaidi kwa mteremko?

Wengi huamini kwamba kipande cha Lombard Street chenye kona 8, katika mtaa wa Russian Hill, San Francisco, ndicho chenye mteremko mkali kuliko vyote mjini humo. Ni rahisi kuamini hivyo, kwani picha zake zinatisha kweli.

Lakini kona ziliwekwa mwaka 1922 ili kuupunguza ukali huo. Kilima chenyewe kina mteremko wa takriban asilimia 27, yaani kila mita 100 za mlalo unashuka mita 27. Barabara inayopinda huwa ndefu zaidi, kwa hiyo kimo kilekile hugawanywa juu ya umbali mkubwa. Mtaani humohumo, kipande kimoja cha Filbert Street kimenyooka na kinafika asilimia 31.5.

Ukitaka kuhakikisha, chukua ramani yenye mistari ya kontua (inayoonyesha kimo cha ardhi), toa kimo cha chini kwenye cha juu, kisha gawa kwa umbali wa mlalo na uzidishe kwa 100 kupata asilimia.

Kwangu mimi, uzuri wa Russian Hill uko kwenye ngazi zake: mahali gari lisipoweza kupanda, watembea kwa miguu hupita katikati ya bustani, na ghuba inaonekana chini.